Filimbi na Masikio ya Wifi Yake

Hospitalini walimwita Filimbi, na jina hilo lilizaliwa na shida. Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa, nyuma ya jengo, kina mashine kubwa kubwa zilizonguruma tangu asubuhi mpaka jioni. Ukitaka kumwambia mwenzako alete kapu ilibidi umsogelee mpaka pua zigusane. Yeye alichoka kukimbizana juu ya sakafu ya sabuni, akaanza kupiga mluzi. Mfupi: leta kapu. Mrefu unaopanda: mashine imejaa. Unaoshuka kwa mkato: mkubwa anakuja, acheni porojo. Wenzake wakajifunza, na manesi waliopita koridoni wakawa wanaulizana nani kafuga ndege huko chini.

Ndege wenyewe walikuwa nje. Nyuma ya chumba palikuwa na uwanja wa kuanikia, kamba kwa kamba, na mwisho wa uwanja ardhi iliteremka bondeni: matete, kijito, ukingo wa udongo mwekundu ng'ambo ya maji, na juu yake msitu mdogo wa miti iliyojiotea. Siku moja, akiwa anaanika mashuka, alisikia mluzi usio wake. Akaujibu. Ukamjibu tena. Basi ikawa ndiyo mazoea, vibanio mfukoni, mikono juu, maongezi na viumbe asiowaona. Baadaye akaanza kuwatafuta kwa macho. Huyu ni chozi, mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya magunia. Huyu ni mdiria, anayejitupa majini kama aliyesukumwa na kuibuka na samaki. Huyu ni dudumizi, ambaye ukimsikia utadhani mtu anamimina maji kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Na kulikuwa na mmoja mdogo wa kwenye matete, rangi ya vumbi, ambaye kila aliyeulizwa alimpa jina tofauti, naye Filimbi akaamua kumwita kisindano, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nyembamba na kali, inaingia sikio hili na kutokea lile.

Alipostaafu hakujua kukaa. Mume alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, binti yake wa pekee alikuwa na duka la simu upande wa pili wa mji, na nyumba ikabaki safi kuliko inavyofaa nyumba kuwa. Hapo ndipo mfamasia wa mtaani, mtu mpole mwenye kuongea kama anayesoma maelekezo ya dawa, alipomtafuta. Majirani walikuwa wameunda chama cha kulitunza bonde, kwa sababu watu walianza kuligeuza jalala. Mfamasia alikuwa mwenyekiti. Alitaka kila msimu wa majani kuchipua, mvua zikishatulia, watu watoke sehemu nyingine za mji waje kutembezwa: kwanza bondeni kuona ndege, kisha kwenye bustani za nyumba zinazopakana na bonde, wanywe chai, watoe mchango. Mchango wote uende kwenye bonde.

"Mimi sina cheti cha ndege," Filimbi alimwambia.

"Wala mimi," mfamasia akajibu. "Lakini wewe ukipiga mluzi wanakuja. Mimi wakiniona wanaruka."

Akakubali. Na akawa mzuri. Watu walirudi msimu baada ya msimu, wengine na darubini za bei mbaya, wengine na viatu visivyofaa tope, na wote walimfuata yule mama mfupi mwenye kofia ya ukindu, aliyesimama ghafla, akainua kidole, akasikiliza, na kusema: "Kushoto. Juu ya ule mti uliovunjika. Subirini."

Msimu ninaousimulia hapa ulianza vibaya. Mzee mwenye bonde alikuwa amefariki, na mtoto wake wa kwanza, ambaye mtaani walimwita Mrithi tu, alikuja kuwaambia ukweli bila kuwazungusha. Ndugu zake walitaka ardhi iuzwe. Mtu mmoja aliyetaka kujenga maghala alishaleta bei yake na karatasi zake. Lakini kwa heshima ya baba, ambaye kila siku aliwaachia watu wapite, angesubiri msimu uishe kabla ya kutia sahihi. Kama chama kingeweza kununua walau sehemu, basi angewasikiliza.

Ndiyo maana asubuhi ya matembezi ya kwanza Filimbi aliamka na roho ya mapambano. Kundi lilikuwa kubwa kuliko alivyozoea. Walishuka mpaka kwenye matete, umande ukiwalowesha mpaka magotini, na mwanamke mmoja mwenye darubini kifuani, mwalimu wa hesabu kutoka katikati ya mji, akasema kwa furaha:

"Mama, huyu ni nani? Huyu anayelia hapa hapa?"

Filimbi akasikiliza. Alisikia kijito. Alisikia mtu akikohoa. Zaidi ya hapo, hakuna kitu.

"Kwera," akasema, kwa sababu kwera hakosekani kwenye matete.

"Kwera ndiye huyu?" mwalimu akauliza, akaonyesha kwa kidole.

Juu ya tete lililopinda, karibu kiasi kwamba angeweza kulishika kwa mkono, alikaa kisindano. Mdomo ulikuwa wazi mpaka kooni. Manyoya ya shingo yalikuwa yanatetemeka. Mkia ulichezacheza kwa nguvu ya kuimba. Watu wote walikuwa wametabasamu, wametegesha vichwa, wanamsikiliza. Na Filimbi alimtazama kama mtu anayetazama watu wakiongea nyuma ya dirisha lililofungwa.

"Nimekosea," akasema. "Si kwera. Tuendelee."

Aliwamalizia matembezi kwa macho na kwa mazoea. Hakuna aliyelalamika. Lakini alipofika nyumbani alijaza birika, akaliweka jikoni, akakaa mbele yake kama askari. Birika lake lilikuwa la mluzi. Maji yalichemka, mvuke ukatoka kwa kasi, kifuniko kikatikisika, naye akasikia kishindo cha kifuniko tu. Akajaribu kupiga mluzi yeye mwenyewe. Sauti ya chini aliisikia. Alipopandisha, ilifika mahali ikapotea, kama ngazi iliyokatwa, ingawa aliuhisi upepo ukimtoka midomoni.

Daktari wa masikio hakumficha. Alimvalisha vidude, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio, naye akakaa muda mrefu bila kubonyeza chochote.

"Ulifanya kazi wapi, mama?"

"Humu humu. Kwenye kufua."

Daktari akatikisa kichwa polepole. "Zile mashine. Zimekula sauti za juu. Naweza kukuandikia kifaa cha sikio, kitakusaidia kuongea na watu. Lakini sauti nyembamba kama za ndege, hizo hata kifaa hakitazirudisha. Sitaki kukudanganya."

"Sijaomba unidanganye," Filimbi akasema, akachukua mkoba wake.

Binti yake alikuja siku hiyo hiyo, amefunga duka mapema. Alimkuta mama yake anapiga pasi vitambaa vya meza vilivyokuwa vimeshapigwa pasi.

"Mama, acha sasa. Umewatembeza watu miaka yote hii, inatosha. Mwenyekiti atafute mtu mwingine."

"Atampata wapi, kwenye rafu ya dawa za kikohozi?"

"Sitanii, mama."

"Wala mimi." Akageuza kitambaa. "Bonde likiuzwa lote na mimi nimekaa hapa kwenye kiti nasikitikia masikio, nitajitazamaje? Ndege wapo. Macho ninayo. Majina yao ninayo. Nilichopungukiwa ni masikio. Basi nitafute masikio."

"Masikio hayauzwi dukani."

"Najua yalipo," Filimbi akasema, na uso wake ukawa kama wa mtu anayejiandaa kunywa dawa chungu. "Yapo hapo jirani."

Binti akashusha mkono aliokuwa ameshikia tama. "Shangazi? Mama, wewe na shangazi hata salamu mnanituma mimi!"

Ilikuwa kweli. Katika nyumba ya jirani, iliyotenganishwa na ya Filimbi kwa ua wa michongoma mrefu kuliko mtu na uliozunguka mpaka upande wa bonde, aliishi dada wa marehemu mumewe, wifi yake, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Bi Simu. Alikuwa mpokea simu wa posta enzi zile za kuchomeka waya kwenye ubao, na alikuwa na sifa kwamba ukipiga mara moja, ukapiga tena baada ya mwaka mzima, atakujibu kwa jina kabla hujajitambulisha. Hakuolewa. Alichopenda ni kaka yake, na bustani yake. Kaka alipofariki, wiki ya msiba haijaisha, Filimbi alichukua nguo zote za mumewe, akazifua, akazipiga pasi, akazipeleka hospitalini kwa wagonjwa wasio na ndugu. Bi Simu alipokuja kuomba walau shati, alikuta kabati tupu na harufu ya sabuni. Tangu siku hiyo akamnunia. Michongoma ikaachwa ikue.

Na bustani ile, bila kuipunguzia sifa, ilikuwa ya kwanza mtaani. Waridi, yasmini, mizinia ya kila rangi, na miti ya maua mekundu marefu ambayo ndege chozi waliyafia. Wageni wa matembezi walichungulia kupitia michongoma na kuuliza mbona hiyo hawaingii. Mfamasia aliwahi kwenda kubisha hodi, akarudi amefyata mkia.

Filimbi alikwenda asubuhi iliyofuata. Alipitia barabarani, akagonga geti kama mgeni.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani, ingawa Bi Simu alishamjua kwa mshindo wa hatua zake.

"Mimi, wifi."

Kisha kitasa kikazunguka. Bi Simu alikuwa na mkasi wa kukatia maua mkononi, mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa kichwani kama anayekwenda harusini.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuomba."

"Wewe? Kuomba?" Akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Ngoja nikae, nisije nikaanguka."

Hakumkaribisha ndani, lakini alikaa kwenye ngazi, na Filimbi akakaa ngazi ya chini yake. Akamweleza yote, kisindano aliyeimba bila sauti, birika, daktari. Hakuongeza chumvi wala hakujiliza. Bi Simu alikuwa anakatakata jani kavu kwa mkasi wake.

"Kwa hiyo unataka masikio yangu."

"Na bustani yako. Njia inapopanda kutoka bondeni inaishia kwenye michongoma yako. Watu wakitoka kwenye matope waingie moja kwa moja kwenye maua, hata yule Mrithi akiwa ana moyo wa jiwe…"

"Mimi ndege nawajua kwa hasara tu. Wananichimbulia miche."

"Sihitaji uwajue. Niambie unachosikia, mimi nitajua ni nani."

Bi Simu akafunga mkasi. Mdomo wake ulikaa kama wa mtu anayeshikilia uzi kwa meno.

"Hata shati moja la kaka yangu hukuniachia."

Filimbi alikuwa amelisubiri hilo miaka. Alikuwa na majibu mengi aliyoyapanga, na lililotoka halikuwa hata moja kati yake.

"Sikufikiri, wifi. Nilikuwa nafua. Nilikuwa najua kufua tu. Ningekaa dakika moja bila kushika maji ningepiga kelele ambazo zisingeisha. Nikaja kushtuka kabati ni jeupe. Hata mimi sikujiachia."

"Hata wewe?"

"Hata soksi."

Bi Simu akamtazama kwa mara ya kwanza bila kumkunjia uso. "Mjinga mkubwa wewe," akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka katikati. Akainuka, akajipangusa sketi. "Ndege wenyewe wanaanza saa ngapi?"

"Kabla jua halijachomoza."

"Mungu wangu! Hata posta hawakunitesa hivyo."

Walianza kufanya mazoezi wao wawili. Bi Simu alishuka bondeni na mwavuli, mabuti ya mpira na malalamiko. Walisimama kwenye matete, Filimbi akiwa na macho, Bi Simu akiwa amefumba yake.

"Kuna mmoja analia kama mlango wa kabati usiotiwa mafuta."

"Anarudia mara ngapi?"

"Anafungua na kufunga. Kama mtu anayetafuta sukari."

"Huyo ni kwera dume. Yuko kwenye kiota. Mwingine?"

"Mwingine huyu ana kiburi. Anasema kitu kimoja, anangoja asifiwe, anasema tena."

Filimbi alicheka mpaka akashika tete asianguke. "Kurumbiza! Ndivyo alivyo kabisa."

"Na huyu… ah." Bi Simu akainua kidole chake, sawasawa na Filimbi alivyoinua chake miaka yote, bila kujua. "Huyu ni mwembamba. Yaani mwembamba, kama waya wa simu ya mbali, ile unayosikia mtu anapumua upande wa pili wa dunia. Yupo mbele yetu. Chini kidogo."

Filimbi akainamisha macho, akatafuta tete kwa tete, akamwona. Mdomo wazi, shingo inatetemeka. Safari hii hakugeuza uso. "Ni kisindano," akasema. "Niambie, wifi. Anaimbaje leo?"

Na Bi Simu, ambaye hakuwahi kumsifu ndege yeyote, akamweleza, polepole, kila pale sauti ilipopanda na kila ilipokatika, mpaka ndege alipojirushia ndani ya matete. Waliporudi walipitia kwenye michongoma. Bi Simu alisimama akaitazama, kisha akaleta panga. Walikata pamoja mpaka likatoboka tundu la mtu kupita, na wote wawili wakarudi majumbani wakiwa wamechanwa mikono kama waliopigana na paka.

Matembezi yakabadilika. Watu walikuja na habari kwamba kuna mabibi wawili, mmoja anasikia na mwingine anaona, na wanagombana njia nzima. Hawakukosea. "Nimekwambia kushoto!" "Kushoto kwako au kwangu?" "Kushoto kwa watu wote duniani!" Wageni walivunjika mbavu, na katikati ya kicheko wakamwona mdiria aliyekuwa amekaa kimya akiwatazama. Mwalimu wa hesabu alirudi na shule yake yote. Bustani ya Bi Simu ilijaa watu walioshika vikombe vya chai, na mwenyewe alizunguka na mkasi akitoa onyo kwa kila kiatu kilichokaribia mizinia. Mfamasia alikusanya michango, macho yamemng'aa kuliko alivyozoeleka.

Siku Mrithi alipokuja kwenye matembezi, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alivaa viatu vya ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa na ndugu, na hilo lilionekana, maana simu yake haikupumzika. Walikuwa wamefika kwenye matete, Bi Simu amefumba macho, kundi zima limeshika pumzi, simu ikalia tena.

"Kata," Bi Simu akasema bila kufumbua macho.

"Samahani, mama, hii ni muhimu kidogo."

"Nimepokea simu za watu maisha yangu yote, mwanangu. Hakuna hata moja iliyokuwa muhimu kama mpigaji alivyodhani. Kata."

Mrithi akakata. Mtu fulani nyuma akaziba mdomo asicheke. Katika kile kimya dudumizi akamimina chupa yake yote, polepole, kutoka upande wa kijito, na sauti hiyo Filimbi aliisikia mwenyewe, kwa kuwa dudumizi ana sauti nzito. Akafurahi kama aliyepokelewa mlangoni.

Walipokaa bustanini, Mrithi alieleza msimamo. Alikuwa ameongea na ndugu zake. Angeweza kukiuzia chama sehemu ya chini, yenye matete na kijito, kwa bei ya kuvumilika. Sehemu ya ng'ambo, kuanzia ukingo wa udongo mpaka msitu juu, ingekwenda kwa mtu wa maghala. Mfamasia aliweka kikombe chini, akaanza kushukuru. Alikuwa ameogopa kukosa vyote.

"Subiri, mwenyekiti," Filimbi akasema. "Ukingo je?"

"Ukingo uko upande ule, mama," Mrithi akasema. "Mstari umepita kwenye maji."

"Mdiria hajengi kwenye matete. Anatoboa udongo. Ukiuza ukingo umetuuzia nyumba bila chumba cha kulala."

"Naelewa, lakini mstari umeshachorwa."

"Haya. Basi njoo usimame pale, uniambie hapana ukiwa pale. Ukisema, nitanyamaza."

Mrithi akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa havina tena cha kupoteza. Akainuka. Walishuka wanne: yeye, Filimbi, Bi Simu na mfamasia. Walivuka kijito kwenye mawe, Bi Simu ameshikiliwa na mfamasia huku akimwambia asimminye. Mbele ya ukingo Filimbi aliwakalisha nyuma ya kichaka, akamwonyesha Mrithi tundu, jeusi, upana wa ngumi. Walikaa. Miguu ilikufa ganzi. Mfamasia alipiga chafya akaambiwa msamaha wake auweke mpaka baadaye.

"Kuna watoto humo," Bi Simu akanong'ona. "Wengi. Wanasaga kama kinu cha mbali. Wana njaa."

Mdiria akaja chini chini juu ya maji, samaki mdomoni, akaingia tunduni bila kupunguza mwendo. Hata Mrithi akasikia watoto walivyolipuka. Ndege akatoka kinyumenyume, akajitupa majini kujiosha tope, akaondoka. Kisha akaja mwenzake. Kisha yule wa kwanza tena.

Filimbi akamwachia atazame. Kunyamaza kulimgharimu kuliko kusema. Mrithi alikaa amejikunja, mikono magotini, muda mrefu kuliko alivyokuwa amepanga.

"Mteremko huu hata hivyo hauwezi kujengwa ghala," akasema mwishowe, kama anayejisemea. "Itabidi achimbe." Akasimama, akanyoosha mgongo. "Nitaongea na ndugu zangu kuhusu ukingo. Msitu wa juu siwezi, mama. Huo umekwenda. Na hata huu siahidi."

"Sijakuomba ahadi," Filimbi akasema. "Nimekuomba uongee."

Aliongea. Ilichukua muda, simu nyingi, na vikao ambamo mfamasia alitoka kichwa kikimuuma akajitibu mwenyewe. Mwishowe mstari ukasogezwa kutoka kwenye maji hadi juu ya ukingo. Matete, kijito na ukingo vikawa vya chama. Msitu ukauzwa.

Siku ya kukatwa miti binti alimpigia mama yake, akamwambia aje akae dukani kwake siku hiyo, asione. Filimbi alikataa. Alivaa kofia yake, akasimama upande huu wa kijito, na wifi yake akaja na mwavuli akasimama kando yake. Misumeno ilinguruma, na hiyo aliisikia vizuri mno. Vigogota wawili waliruka kutoka kwenye mti mkavu, wakazunguka, wakazunguka tena, wakaelekea mbali. Alilia, akafuta uso kwa ncha ya kanga, hakuondoka mpaka kazi ilipokwisha. Njiani kurudi alimwambia Bi Simu kwamba vigogota wanahitaji mti mkavu wa kutoboa kiota, na kwamba kule karibu na uwanja wa kuanikia wa hospitali kuna mmoja ambao watu wa bustani wanataka kuung'oa, kwa hiyo kesho itabidi waende kwa mkubwa wa hospitali.

"Kesho nina miche," Bi Simu akasema.

"Asubuhi."

"Asubuhi ndiyo nina miche. Mchana."

Walikwenda mchana, na mti ukaachwa.

Mtu wa maghala alijenga ukuta, na ukuta ukakata njia ya zamani iliyoteremka kutoka barabarani. Msimu uliofuata ulikuwa unakaribia. Majani mapya yalishaanza kuchomoza, mwalimu wa hesabu alishaulizia tarehe. Hapakuwa na pa kupitisha wageni wengi ila kwa kuchimba njia mpya, pana kuliko ile nyembamba ya kupandia, upande wa bustani, kwenye mteremko mgumu wenye mizizi na mawe. Filimbi alitangulia alfajiri na jembe. Bi Simu alikuja baadaye kidogo na sururu, akilalamika kwamba njia imepindishwa, imekaribia mizinia yake, na kwamba yeye alisema kushoto.

"Kushoto kuna jiwe, wifi."

"Jiwe tutaling'oa."

Wakalizunguka, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakaanza kulichimbua. Jua lilipopanda mfamasia alifika, amevaa koti lake jeupe la dukani na ameshika koleo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake, akauliza aanzie wapi. Filimbi akamwonyesha.